Roboti ya dola 150,000 na fundi wa Ngong Road

Mwaka 2020 wachumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo walichapisha utafiti ambao kila mara narudi kuusoma. Walichunguza maeneo ya ajira ya Marekani kati ya 1990 na 2007, wakakuta kwamba ikiongezwa roboti 1 kwa kila wafanyakazi 1,000, mishahara hushuka kwa asilimia 0.42. Tarakimu ni ndogo, lakini ajira zilizopotea nchi nzima zilikadiriwa kuwa kama 400,000.

Sisi je? Tupige hesabu, kwa bei za mfano.

Tuseme mkono wa roboti ni dola 50,000. Mkono mtupu haufanyi kitu: unataka kishikio, uzio wa usalama, programu na mtaalamu wa kuufunga. Weka 150,000 kwa vyote. Kule Marekani unashika nafasi ya watu 2, wa zamu ya mchana na wa usiku, kila mmoja dola 20 kwa saa, saa 2,000 kwa mwaka. Hiyo ni dola 80,000. Miaka 2 haijaisha, pesa imerudi.

Sasa ulete Ngong Road, Nairobi, makochi na vitanda vinakopangwa kando ya barabara. Fundi tumwekee shilingi 30,000 kwa mwezi, na dola ibadilishwe kwa 130. Mafundi 2 wanagharimu kama dola 5,500 kwa mwaka, kwa hiyo pesa inarudi baada ya miaka 27.

Na riba sijaigusa bado. Mwiba wenyewe uko hapo. Kopa hizo 150,000 kwa asilimia 15 na mwaka wa kwanza benki inadai riba ya 22,500, mara 4 ya mishahara uliyookoa. Deni la namna hiyo halilipiki, linazidi kuvimba. Fundi naye hapo alipo anapapasa ubao, kidole kinakuta fundo, anaugeuza, randa inaendelea. Roboti inataka mbao zifanane.

Lakini mimi silali usingizi kwa hesabu hiyo, kwa sababu roboti haina haja ya kuhamia Nairobi ndipo imguse fundi. Mwaka 2023 China peke yake ilifunga roboti za viwandani zipatazo 276,000, zaidi ya nusu ya zote zilizofungwa duniani mwaka huo. Meza iliyokatwa na mashine hushuka bandarini Mombasa vipande vipande ndani ya kontena, na mteja hulinganisha bei tu. Riba ya mashine ile ililipwa kwingine, kwa masharti ya kwingine.

Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya ODI ya London walikadiria kwamba katika utengenezaji wa samani Kenya, roboti itakuwa nafuu kuliko mfanyakazi ifikapo 2034. Kijana anayejifunza kushika randa leo, mwaka huo atakuwa bado hajafika nusu ya maisha yake ya kazi.