Kabla Hujatuma Pesa ya Buli la “Silva”, Lipindue Kwanza

Ujumbe ulitufikia Jumatatu asubuhi. Mteja wetu wa Nakuru alitaka tumrudishie shilingi 8,000 alizotuma Jumamosi jioni. Hakuwa amekosea nambari, wala hakuwa ameangukia wale watu wa “nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha”. Alikuwa ananunua buli la chai, bakuli la sukari, jagi la maziwa na trei, vyote “silva halisi ya Uingereza, mwaka 1862”, kutoka kwa mtu aliyeweka picha mtandaoni akisema anauza vyombo vya familia inayohama. Bei ilikuwa 24,000. Zile 8,000 zilikuwa pesa ya kushikilia, kwa sababu, si unajua, “kuna mteja mwingine anakuja kesho”.

Vyombo vilikuwa zawadi ya mama yake anayetimiza miaka sabini, na pesa walikuwa wamechanga ndugu wanne. Jumapili kaka yao mkubwa akauliza swali moja tu kwenye kikundi cha familia: mmejuaje ni silva? Kikundi kizima kikanyamaza.

Ilibidi tumwambie ukweli. Tunaweza kusaidia kurejesha pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi, lakini hii ilienda kwa mtu aliyekusudiwa, kwa jina alilolisoma mwenyewe kabla ya kuweka PIN. Hayo sasa ni mambo ya mnunuzi na muuzaji. Tukamwomba kitu kimoja: amwambie muuzaji apindue buli na apige picha ya kitako. (Mmoja wetu hapa ofisini ana ugonjwa wa kununua vijiko vya zamani pale Gikomba kila akipata Jumamosi huru, kwa hivyo hatukuwa tunabahatisha.)

Picha ilipokuja, kulikuwa na ngao nne ndogo zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na herufi ya mapambo ndani yake. Kwa mbali unaweza kuapa ni mihuri ya serikali. Ukivuta picha karibu, unasoma E, P, N, S.

EPNS ni nini hasa?

Ni kifupi cha Electro Plated Nickel Silver, na neno la mwisho ndilo linalopoteza watu. Nickel silver haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ulioitwa hivyo kwa sababu ya rangi yake tu. Chombo hutengenezwa kwa metali hiyo, kisha huchovywa kwenye maji yenye fedha iliyoyeyushwa na kupitishiwa umeme, hadi tabaka jembamba la fedha halisi ling'ang'anie juu. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya njia hiyo mwaka 1840, na ndipo watu wasio matajiri walipoanza kumiliki meza inayong'aa. Ukikuta EPBM badala ya EPNS, ni uchovyaji uleule, ila metali ya ndani ni bati lililochanganywa na antimoni na shaba. Hiyo ni laini zaidi na hubonyea haraka, kwa hivyo bei yake inafaa iwe chini. Na ile “A1” unayoiona kwenye vijiko vingi? Ni mtengenezaji anajisifu kuhusu unene wa mchovyo wake. Haisemi lolote kuhusu fedha safi.

Kiswahili chetu nacho hakisaidii hapa. Fedha ni madini, fedha ni pesa, na muuzaji mwerevu anaweza kukuchanganyia zote mbili kwenye sentensi moja.

Jambo la pili lililokuwa kwenye kitako ni neno “Sheffield”. Muuzaji alilitaja mara tatu kwenye meseji zake kana kwamba ni aina ya madini. Sheffield ni mji. Umetengeneza visu vya chuma, umetengeneza fedha halisi, na umetengeneza vyombo vya kuchovya kwa wingi sana. Ni kweli kwamba kabla ya umeme, kuanzia miaka ya 1740, fundi Thomas Boulsover wa mji huo alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha bamba la fedha na la shaba kwa moto, unaweza kuyakandamiza yakawa bamba moja. Vyombo hivyo vya zamani wanaovikusanya huvitafuta sana, na vikichakaa utaona wekundu wa shaba ukichungulia. Lakini vyombo hivyo havina herufi EPNS.

Halafu ile “1862”. Ilikuwepo kweli, imepigwa kwa nyundo chini ya zile ngao. Tatizo ni kwamba pembeni yake kulikuwa na maneno “Made in England”. Maneno ya aina hiyo yalianza kuenea baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka. Kwa kawaida “Made in England” kamili huashiria karne ya 20. Basi 1862 haikuwa mwaka. Ni nambari ya muundo katika katalogi ya kiwanda, kama vile leo sufuria inavyoweza kuwa na nambari ya modeli. Kosa hili ni la kawaida mno. Hata vijiko vya Kimarekani vilivyoandikwa “1847 Rogers Bros.” wengi hudhani ni vya mwaka huo, kumbe 1847 ni sehemu ya jina la biashara.

Fedha halisi inajitambulishaje?

Kwa vyombo vya Uingereza, tafuta simba anayetembea, mguu wa mbele umeinuliwa. Huyo ndiye anayesema chombo kimepimwa na kina fedha asilimia 92.5. Karibu naye kutakuwa na alama ya mji kilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji ilikuwa Sheffield hadi ilipobadilishwa kuwa waridi mwaka 1975. Huwa pia kuna herufi moja inayotaja mwaka, na herufi za mtengenezaji. Vyombo vya karibuni vina 925. Kwa Ujerumani na Italia ni kawaida kukuta 800, yaani asilimia 80, na hiyo pia ni fedha halisi.

Ila tahadhari na nambari ndogo. Ukiona 90 kwenye kijiko cha Kijerumani, mtu asikwambie ni asilimia 90. Ni gramu 90 za fedha zilizotumika kuchovya vijiko 12 na uma 12. Piga hesabu: gramu 3.75 kwa kila kimoja. Na 18/10? Hiyo ni stenlesi ya kawaida, kromi na nikeli, haina fedha kabisa.

Wengine wanapenda kutoa sumaku. Ibebe, lakini usiiamini sana. Ikinata, ndani kuna chuma (ila kwa visu, makali huwa ni ya chuma hata mpini ukiwa fedha safi). Isiponata, hujajua kitu, kwa sababu shaba na nickel silver nazo hazishikwi na sumaku. Jicho ni bora zaidi. Angalia mgongo wa kijiko pale kinapogusa meza, ncha za uma, kifundo cha mfuniko, ukingo wa trei. Mchovyo huanza kuisha hapo, na rangi ya manjano hujitokeza. Fedha halisi ikichakaa, chini yake ni fedha tu.

Wakati mwingine utakuta herufi za mwenye chombo, za hoteli kwa mfano, au EAR&H, lile shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Herufi hizo hazikuambii madini. Lakini kwa anayependa historia ya reli yetu, uma wa namna hiyo unaweza kuwa na maana kuliko kijiko cha fedha kisicho na hadithi.

Sasa pesa

Tunachowaomba wateja wetu ni kubadilisha mpangilio tu: picha za alama zije kabla ya pesa ya kushikilia. Picha tatu zinatosha, ya kitako, ya alama kwa karibu mwanga ukitoka upande mmoja, na ya sehemu iliyochakaa. Mtu mwenye simu ya kukupigia picha ya buli likiwa limepambwa juu ya meza ana simu ya kupiga picha ya chini yake. Akikataa, mwache na huyo mteja wa kesho. Na ikibidi utume kitu, andikianeni kwanza kwenye meseji: chombo gani, metali gani, bei gani, na pesa inarudi au hairudi kama maelezo si ya kweli. Hiyo meseji ndiyo iliyomwokoa mteja wetu, kwa sababu neno “silva halisi” lilikuwa limeandikwa na muuzaji mwenyewe.

Alimtumia maelezo yote haya. Muuzaji alinyamaza siku nzima. Kisha akajibu kwamba yeye aliachiwa vyombo hivyo na mwajiri wake wa zamani, akaambiwa ni silva, naye akaambia watu vivyo hivyo. Sisi tunamwamini, kwa sababu tapeli angeshazima simu. Walikubaliana 11,000 kwa seti nzima, bei tunayoiona ni ya haki kwa EPNS isiyobonyea. Dada yake anayeishi Nairobi alienda kuviona, akakuta umanjano kwenye kifundo cha mfuniko na kidogo chini ya mdomo wa buli, akalipa 3,000 zilizobaki akiwa amesimama palepale.

Vilikuwa vimepiga weusi. Tuliwashauri waweke karatasi ya foili ya aluminiamu ndani ya beseni, vijiko viwili vya baking soda, maji ya moto, kisha vyombo vigusane na foili dakika chache. Vikianza kunuka kama yai bovu, dawa inafanya kazi. Waya wa kusugulia sufuria usikaribie. Kazi hiyo amepewa kaka mkubwa, aliyeuliza swali.