Majirani wa Kinundu cha Karanga

Mkulima wa pembezoni mwa Kashaulili, mjini Mpanda, aking'oa shina la karanga lililochanua na kupasua kinundu cha mzizi, rangi ya ndani humwambia mengi. Wekundu hutokana na protini jamaa ya himoglobini ya damu yetu. Ndiyo inayopimia bakteria oksijeni, kwani kimeng'enya kinachonasa naitrojeni ya hewani huharibika oksijeni ikizidi. Kinundu kilichokomaa kikiwa cheupe, walio ndani wanakula sukari ya mmea bure. Tangu Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walipoeleza kazi hii mwaka 1888, sifa zote zimekwenda kwa wakazi wa kinundu. Naona zimegawiwa vibaya, kwa sababu kinundu hutegemea sana bakteria wa nje, kwenye udongo unaogusa mzizi.

Chukua bakteria Azospirillum. Hajengi kinundu, huishi kandokando ya mzizi na kutoa homoni inayouchochea uchipue matawi na vinyweleo, ambamo bakteria wa vinundu vya soya na maharage hupenya. Brazil, wakulima wa soya hupaka mbegu aina zote mbili pamoja. Bakteria wengine huyeyusha fosforasi iliyonaswa na chuma katika udongo mwekundu wenye tindikali. Bila fosforasi, kazi ya kinundu husimama: kunasa molekuli moja ya naitrojeni hugharimu takriban molekuli 16 za ATP, kibeba nishati cha seli, na kila moja ina fosforasi. Atakayesema bakteria hawana wema wa kushirikiana amesema kweli, ila hoja haijavunjika. Mwaka 2003 mtafiti Toby Kiers na wenzake walivizungushia vinundu vya soya hewa iliyoondolewa karibu naitrojeni yote. Mmea ukavibania oksijeni, na bakteria wake wakazaana kidogo. Ushirikiano huu una msimamizi.

Pingamizi zito zaidi liko msituni. Miti mikuu ya miombo ya Katavi, Brachystegia na Julbernardia, ni jamii ya mikunde lakini haina vinundu. Hutegemea kuvu wa mizizini, wakiwemo wanaozaa uyoga tunaouchuma wakati wa mvua. Mninga, jirani yake, una vinundu. Hata hapo mti usio na vinundu haujitegemei. Umebadili mshirika tu. Shambani, anayemwaga yurea kwenye karanga huufanya mmea upunguze vinundu, na anayechoma mabua huwanyima chakula bakteria wa nje. Kabla hujanunua paketi ya bakteria wa kupaka mbegu, pasua kwanza vinundu vya shamba lako: karanga hupatana na bakteria wengi wa udongo wetu, lakini aina nyingi za soya huhitaji kuletewa wa kwao.