Nondo wa Matango na Maboga: Maisha Yake na Jinsi ya Kumzuia

Mkulima wa maboga, matango au matikiti maji huweza kuona majani yamekunjwa na kushonwa kwa nyuzi nyeupe, kisha yameliwa hata ikabaki mishipa mitupu. Wengine hudhani ni jua kali, wengine husema ardhi imechoka. Sivyo. Hiyo ni kazi ya kiwavi, na kiwavi huyo ni mtoto wa nondo. Asiyejua adui yake hulala wapi hawezi kumshinda. Kwa hiyo yafaa kwanza tujue maisha yake.

1. Nondo. Mabawa yake ni meupe yenye kung'aa, yamezungukwa na pindo la rangi ya kahawia iliyoiva. Akiyakunjua, upana wake ni kama inchi moja. Mwisho wa tumbo ana kishungi cha manyoya. Mchana hujificha chini ya majani. Usiku huruka na kutaga. Yeye mwenyewe hali majani.

2. Mayai. Hutaga chini ya majani, moja moja au machache pamoja. Ni madogo mno, wala si rahisi kuyaona. Baada ya siku tatu mpaka tano huanguliwa.

3. Kiwavi. Huyu ndiye mharibifu. Akikua huwa kijani, mwenye mistari miwili myeupe mgongoni, na urefu wake hukaribia inchi moja. Hula kwa muda wa majuma mawili hivi. Hukunja jani kwa nyuzi zake na kula akiwa ndani. Tena hukwangua ganda la tunda changa na kulitoboa, hasa tunda linaloguswa na majani. Tunda hilo huoza na halipati mnunuzi. Ukikuta ndani ya tunda funza mweupe asiye na miguu, huyo ni mtoto wa nzi wa matunda, si kiwavi huyu.

4. Kifukofuko. Akishiba hujifunga katika kifukofuko ndani ya jani lililokunjwa au katika takataka za shamba. Baada ya juma moja au zaidi kidogo hutoka nondo mpya. Basi mzunguko wote ni kama mwezi mmoja, na penye joto ni pungufu. Viwavi wachache wa leo ni wazazi wa wengi kabla hujavuna.

Mambo ya kufanya

Nondo huruka gizani, na yai halionekani. Lakini jani lililokunjwa huonekana na kila mtu. Hapo ndipo pa kumshika.

(a) Tangu mashina yaanzapo kutambaa, kagua shamba mara mbili kila juma. Waagize pia wachumao majani ya maboga kwa mboga. Jani lililoshonwa lifinye kwa vidole, au lichume na kulitia katika ndoo ya maji ya sabuni. Usilitupe njiani.

(b) Matunda yaliyotobolewa yaokote, uyafukie chini sana.

(c) Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote mara moja, uyachome au kuyafukia. Usipande matango mapya kando ya mashina ya zamani; panda mahindi au maharagwe mahali pale.

(d) Ikikupasa kutumia dawa, fuata maandishi ya kopo, na upige jioni nyuki wakiisha kurudi. Maua dume na maua jike ya mimea hii hukaa mbalimbali, na nyuki ndiye achukuaye chavua. Ukimwua nyuki, umeua na tunda. Wako pia nyigu wadogo ambao watoto wao hula viwavi; dawa ovyo huwaua hao nao. Wala usichume mboga katika majani yenye dawa.

Nondo hajui mpaka wa shamba. Mmoja akisafisha na jirani yake akiacha, kazi ni bure. Shaurianeni, mfanye pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.