Jeraha, Mchochota na Kovu: Istilahi za Kudhurika na Kupona kwa Tishu

Kiswahili hakikosi maneno ya mwili kudhurika na kujitengeneza upya. Tatizo ni kwamba maneno ni mengi na mipaka yake haijawekwa. Pale Malindi, Unguja, penye bandari na diko la wavuvi, maneno hayo husikika kila siku. Mchukuzi aliyeangukiwa na gunia ana damu iliyovilia chini ya ngozi; aliyeparuzwa na kamba ana mchubuko; mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa ana jeraha, naye asipoliangalia huwa kidonda. Jeraha ni kudhurika kwenyewe. Kidonda ni hali inayokaa. Msemaji wa kawaida hahitaji kamusi kuyajua hayo.

Neno tishu limetoholewa, na wapo wanaolichukia, hasa siku hizi ambapo dukani tishu ni karatasi ya kufutia mikono. Lakini anayetaka kusema nyama badala yake atakwama mara moja, maana mfupa, neva na hata damu ni tishu pia, na hakuna aiitaye damu nyama. Tishu, basi, ni kundi la seli zinazoshirikiana katika kazi moja.

Penye utata mkubwa ni neno uvimbe. Mwandishi wa Kirumi Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za tishu iliyodhurika: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hizo hutokea kwa kuwa mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvujisha maji, na chembe nyeupe hukimbilia hapo kula vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Tukiiita hali yote hiyo uvimbe, tumeipa jina la dalili moja kati ya nne. Tena neno hilo hilo hutumika kwa saratani. Mgonjwa aambiwaye ana uvimbe tumboni hurudi nyumbani na hofu isiyostahili, au hukosa ile inayostahili. Kwa hiyo twapendelea mchochota kwa hali nzima, na uvimbe ubakie kwa kufura tu.

Katika kupona, damu huganda kwanza. Mchochota hufuata kwa siku chache. Kisha tishu mpya hujaza pengo chini ya kigaga. Watu husema kidonda kimefunga, nao wasema kweli, lakini kufunga si kupona. Nyuzi za kolajeni huendelea kupangwa upya kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Juma la tatu ngozi iliyofunga ina kama robo tu ya nguvu zake, na kovu hukomea asilimia 80 hivi. Mchukuzi arudiye kubeba gunia siku kigaga kinapobanduka anastahili kuelezwa tofauti hiyo. Mfupa huunga bila kovu. Gegedu, lisilo na mishipa ya damu, hupona kwa shida sana.

Limebaki neno mshipa. Kwa wengi ni njia ya damu, ni neva, ni kano, tena ni ugonjwa wa ngiri. Kano tumeiweka kwa kiungacho msuli na mfupa, neva kwa kipelekacho hisia, na mshipa wa damu utajwe kwa ukamilifu wake. Ama mshipa peke yake, twashauri usiandikwe kabisa katika cheti cha mgonjwa.