Gari Kuukuu Lizimikalo Njiani

Wanachama kadhaa wametuuliza sababu ya gari kuukuu kuzimika likiwa katika mwendo, kisha likipumzika likawaka kana kwamba halikuwa na kasoro. Swali hili si dogo kwetu. Karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia hupata joto zikavunda, na zikianikwa hutoka nyeupe-nyeupe, nyepesi, zisizo na bei. Gari likikwama usiku mmoja, kazi ya wachumaji ya siku nzima yaweza kupotea.

Nasi tulifundishwa jambo hili mbali na mikarafuu. Tulikwenda Singida kutazama ufugaji wa nyuki, tukapanda gari la petroli la jamaa yetu, lenye umri wa miaka mingi. Tulipofika Unyambwa, saa saba mchana, injini ilikata. Nchi ile iko juu, futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo petroli huchemka upesi kuliko huku pwani. Tukasema mara moja: petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Tukafunika pampu kwa kitambaa cha maji, tukakaa kivulini nusu saa, gari likawaka. Tulijisifu sana. Hatukwenda maili nne likazimika tena.

Kosa letu lilikuwa kupoza kwanza na kupima baadaye. Katika nusu saa ile si pampu peke yake iliyopoa. Kila kitu kilipoa. Mara ya pili tulipima palepale, injini ingali moto. Baada ya kuhakikisha hakuna petroli iliyomwagika, tulichomoa waya mnene wa katikati katika kifuniko cha disibuta, tukaushika kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake karibu na chuma cha injini, nafasi ya unene wa penseli hivi, mwenzetu akapiga stata. Hapakuwa na cheche. Basi petroli haikuwa na hatia. Tulisafisha pointi, hali ikawa ileile. Dereva wa lori aliyepita akatuuzia koili kuukuu, tukaifunga, na gari halikuzimika tena mpaka mjini. Koili ya zamani huharibika hivyo: nyaya zake za ndani zikipata joto huachana, zikipoa hugusana. Kandensa nayo yaweza kufanya vivyo hivyo, na bei yake ni ndogo.

Sikilizeni pia namna gari linavyokufa. Likizimika ghafula kama taa iliyopulizwa, anzeni kwa umeme: waya uliolegea, swichi, koili. Likikohoa na kushtuka-shtuka kwanza, anzeni kwa mafuta. Fungueni kifuniko cha tangi. Ikisikika hewa ikivutwa ndani, tundu la pumzi limeziba. (Tumeona matangi yaliyofungwa kwa mfuko wa plastiki na kamba, na mwenye gari akailaumu pampu.) Takataka za tangini nazo huziba bomba, kisha gari likisimama huzama chini na mafuta yakapita.

Gari la dizeli halina cheche. Tazameni chujio, na hewa inayoingia katika mabomba. Katika magari ya baadaye, yenye kabureta iliyoondolewa, kihisi cha mzunguko wa injini nacho hushindwa kwa joto, na hicho ni kazi ya fundi mwenye chombo cha kupimia.

Likizimika mteremkoni lina mzigo, usiuchomoe ufunguo, kwani usukani waweza kujifunga. Breki zinazosaidiwa na injini hubakiwa na nguvu ya mikanyago michache tu. Kanyaga mara moja kwa nguvu, wala usiachie mpaka gari limesimama kando. Weka jiwe chini ya gurudumu, wachumaji washuke, ndipo boneti ifunguliwe.