Je, Wajua? Jiwe la Ivuna na Siku za Kwanza za Jua

Je, wajua kwamba Mkoa wa Songwe, Tanzania, umewahi kupokea wageni wawili kutoka angani, na yule mdogo ndiye aliyewapa wanasayansi kazi kubwa zaidi? Kimondo cha Mbozi kinajulikana: tani zipatazo 16 za chuma na nikeli, na watalii hawaishi kupiga picha pembeni yake. Cha pili kilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, penye chumvi iliyochimbwa tangu kale, tarehe 16 Desemba 1938. Kilikuwa na gramu 705. Hata robo tatu ya kilo hakikufika.

Kwa nini mdogo ampite mkubwa? Chuma cha aina ya Mbozi kilitoka kwenye gimba lililopata moto likayeyuka, vyuma vizito vikazama katikati. Kikishayeyuka, kumbukumbu za mwanzo zimefutika. Jiwe la Ivuna halijawahi kuyeyuka.

Je, wajua kwamba jina la Ivuna limo kwenye vitabu vya anga duniani kote? Kundi adimu kuliko karibu yote ya vimondo vya kaboni huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Ukiacha hidrojeni, heliamu na gesi nyingine nyepesi, uwiano wa elementi katika mawe hayo unafanana mno na wa Jua lenyewe, na Jua ndilo lenye zaidi ya asilimia 99 ya maada yote ya mfumo wetu. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua wingu lililotuzaa lilikuwa na nini hupima kwa kulinganisha na CI. Lithiamu ndiyo imekataa kulingana: Jua limeunguza karibu yote iliyokuwa nayo, jiwe limeitunza.

Vimondo vya CI vilivyoonekana vikianguka havizidi vitano katika historia: Alais na Orgueil (Ufaransa, 1806 na 1864), Tonk (India, 1911), Ivuna, na Revelstoke (Kanada, 1965), ambacho kiliacha kama gramu moja tu. Sababu ni ulaini wao. Ni mawe ya udongo na chumvi, yenye maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na yakilowa humomonyoka. Mvua moja inatosha kuyamaliza.

Mwaka 1864, kipande cha Orgueil kilifungiwa ndani ya chupa ya kioo. Kilipochunguzwa miaka ya 1960 kikakutwa na mbegu za mmea! Uhai angani? Wapi. Zilikuwa mbegu za Ufaransa, zimepachikwa kwa gundi. Mtani huyo hajajulikana mpaka leo, na mzaha wake ulisubiri karibu miaka mia moja kupata wa kuucheka.

Je, wajua kwamba Wajapani walituma chombo hadi kwenye asteroidi kikarudi na mawe ya aina ya Ivuna? Chombo Hayabusa2 kilileta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu mnamo Desemba 2020. Zilipopimwa, zikaonekana ni ndugu wa CI, isipokuwa hazikuwa na chumvi za salfeti zinazoonekana kwenye vimondo vyenyewe. Maana yake, sehemu ya chumvi tulizodhani zimetoka angani ilizaliwa hapa hapa duniani, kwa unyevu wa hewa yetu. Ndiyo sababu kipande cha Ivuna kilichoko Makumbusho ya Historia ya Asili, London, kinahifadhiwa ndani ya nitrojeni.

Kwa umri wa mfumo wa Jua, sasa twende Mexico. Saa saba usiku wa tarehe 8 Februari 1969, kimondo cha Allende kilipasuka juu ya jimbo la Chihuahua na kumwaga tani kama mbili za mawe. Kilijua kuchagua wakati: maabara zilikuwa zimejiandaa kupokea mawe ya mwezini ya Apollo 11, zikapata la kujifunzia. Ndani yake mna madoa meupe ya kalsiamu na aluminiamu. Madoa ya aina hiyo yamepimwa umri wa miaka milioni 4,567, na ndiyo vitu vikongwe kuliko vyote vilivyojulikana kuundwa katika mfumo wa Jua. Tunapoanza kuhesabu umri wa sayari, sifuri yetu ni hapo.

Katika madoa hayo, mwaka 1976, yalipatikana mabaki ya aluminiamu-26. Hii ni aluminiamu yenye mionzi, isiyodumu: nusu yake huisha kila baada ya miaka 700,000 hivi. Kwa hiyo ilikuwa bado mbichi wingu letu lilipoanza kujikusanya, na nyota kubwa ndizo zinazoshukiwa kuitengeneza. Joto lake ndilo lililoyeyusha magimba ya kwanza.

Vimondo vingi vya kale vimejaa vijitone vya mwamba, kondruli, vingi havifiki milimita chache. Viliyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 1,400 na kupoa ndani ya saa au siku chache. Moto ulitoka wapi? Wataalamu bado wanabishana.

Je, wajua kwamba unaweza kushika kitu kilichozaliwa kabla ya Jua? Kimondo kilianguka Murchison, Australia, 28 Septemba 1969, saa tano asubuhi ya Jumapili. Watafiti waliyeyusha vipande vya kimondo hicho kwa asidi kali mpaka zikabaki chembe sugu za silikoni kabaidi, vumbi la nyota zilizokwisha kufa. Nyingine zina umri wa miaka bilioni 7. Jiwe hilo hilo lina zaidi ya aina 70 za asidi amino, wakati protini za miili yetu zinatumia kama 20.

Mshtarii nao umeacha alama kwenye vimondo. Utafiti wa 2017 ulikadiria kwamba kiini chake kilifikia uzito wa Dunia 20 ndani ya miaka milioni moja tu, kikatenganisha mawe ya karibu na Jua na ya mbali.

Na vimondo bado huanguka. Mbale, Uganda, Agosti 14, 1992: kipande cha kimondo cha gramu tatu na ushee kilipita kwenye majani ya mgomba kikampiga mvulana kichwani. Hakuumia.

Nawe ukiona jiwe limeanguka kutoka angani, usilioshe, wala usilijaribu kwa sumaku, maana sumaku hufuta usumaku wa kale uliomo ndani. Lipige picha lilipo, andika saa na mahali, lifunge kwa karatasi safi ya aluminiamu bila kuligusa kwa mkono, ulipeleke idara ya jiolojia au chuo kikuu kilicho karibu. Na ufanye hima kabla mvua haijanyesha.