Usukani uligoma Kashaulili, kumbe mchawi mimi!

Wiki hii sina habari ya mapenzi wala ya disko. Ninayo ya gari la shemeji yangu, mume wa dada, na aibu iliyonipata mbele yake.

Jioni ya Alhamisi, hapa Kashaulili mjini Mpanda, shemeji alikanyaga breki, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Injini kimya. Kwenye dashibodi kataa ka loki kanapepesa, na chini ya usukani kasauti: tiki, tiki, tiki. Usukani haugeuki ng'o! Kesho yake alfajiri ana abiria wa kukodi wa kwenda Tabora, na hela hiyo ndiyo rejesho la mkopo la Jumatatu.

Vijana wa kijiwe wakajaa. Huyu anasema gari limerogwa, yule anasema tusukume. Gari lisilokata kona utalisukuma uende nalo wapi?

Fundi wa kwanza akaja na mita. Betri: volti 12.5. Akachomoa soketi ya loki ya usukani, akapima waya: 12. "Umeme unafika, loki ndiyo imekufa. Spea mpaka Dar, laki nne na nusu." Shemeji akakaa kwenye jiwe. Mimi nikatazama pembeni, sababu utaijua.

Loki yenyewe iko hivi. Kwenye magari ya ufunguo wa kuzungusha, komeo linaloshika usukani huondolewa na ufunguo wenyewe. Kwenye mengi ya kitufe kuna mota ndogo inayovuta komeo, na swichi inayoiambia kompyuta ya gari kwamba komeo limetoka. Kompyuta isipopata jibu hilo, injini haiwaki. Na ni haki yake, nani anataka gari liondoke usukani umefungwa?

Akaitwa mzee mmoja, fundi umeme wa siku nyingi, hana mbwembwe. Kwanza akamwambia shemeji atikise usukani kushoto na kulia huku anabonyeza kitufe, kwa kuwa tairi likibana jiwe, komeo nalo hubanwa. Wapi! Akatazama taa za breki, zinawaka. Fyuzi nzima. Ndipo akarudisha soketi mahali pake, akapenyeza ncha za mita kwa nyuma, akasema, "Bonyeza." Mita ikaporomoka toka 12 hadi 9.

"Mwenzangu alipima mota ikiwa imelala," akasema. "Bomba lililoziba, ukifunga koki presha ipo. Hebu fungua uone ndoo itajaa lini."

Sasa volti 3 zimepotelea wapi? Mzee akaunga waya mrefu, ncha moja ya mita ikagusa hasi ya betri, nyingine waya wa ethi wa loki, kitufe kikabonyezwa tena. Hapo mita ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma 3 kasoro kidogo. Mwizi kaonekana: yuko upande wa ethi, loki ya watu haina kosa!

Akaufuata waya huo chini ya dashibodi, tochi mdomoni, mpaka kwenye bolti ya bodi. Bolti imelegea, ina kutu, na juu yake umesokotwa waya mwingine mweusi, umefungwa kwa solotepu.

"Huu wa nini?"

Nikaishiwa pozi. Ulikuwa wa muziki! Miezi kadhaa nyuma shemeji alinipa elfu themanini nikamfungishie redio na spika zake kwa fundi wa maana. Mimi nikampa kijana mmoja wa mtaani elfu ishirini, sitini nikazitafuna na washikaji.

Mzee akaukata ule waya, akasugua bolti na pale penye bodi kwa msasa mpaka pakang'aa, akakaza. "Bonyeza." Klak! Injini ikaunguruma, kijiwe kizima kikapiga makofi.

"Elfu kumi na tano tu," mzee akasema.

Shemeji hakugusa mfuko. Alikuwa ananitazama mimi. "Shemeji," akasema taratibu, "mlipe fundi."

Nikalipa. Tabora alikwenda, bila muziki, na Jumatatu rejesho likapelekwa. Ile sitini ananikata kwa kuosha gari, elfu tatu kila nikiosha. Mpaka naandika haya nimeosha mara nne.